Gogo Lisilo na Jani: Jinsi Mti Unavyotambulikana kwa Ubao Wake

Mkazi wa Pwani hahitaji kufundishwa mwembe ni upi na mkorosho ni upi. Hata mtoto mdogo wa Gede au wa Mtwapa hutofautisha mkwaju na mwarobaini kwa mbali, kwa sura ya jani, kwa gome, kwa tunda, na kwa jinsi matawi yalivyokaa. Lakini mti huo huo ukisha kuangushwa, ukakatwa matawi, ukamenywa gome na kupasuliwa mbao, dalili hizo zote hupotea. Linalobaki ni gogo tupu au ubao mkavu, na hapo ndipo shida inapoanza.

Shida hiyo si ya wataalamu peke yao. Mkulima anayejenga nyumba huko Ganze aweza kuuziwa miimo ya mlango kwa jina la mbambakofi, na kwa bei ya mbambakofi, kisha baada ya misimu michache ya mvua akaona mchwa wameigeuza kuwa unga. Mgeni hununua kinyago cheusi akiambiwa kuwa ni mpingo. Afikapo kwao akikipangusa kwa kitambaa cha maji, weusi wote huhamia katika kitambaa. Askari wa misitu husimamisha lori usiku kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, dereva husema kwamba magogo yale ni ya miembe iliyokatwa shambani kwa mtu, na askari hana hata jani moja la kumjibu. Yawezekana dereva ni mwongo. Yawezekana pia kuwa anasema kweli tupu, naye atalala kituoni bure kwa sababu hapana mtu awezaye kusoma gogo.

Wazee wetu walikuwa na njia zao. Fundi wa kuunda majahazi hukwangua ubao kwa ukucha, huupima kwa mkono, huunusa, na wengine huutafuna kidogo. Mimi siwezi kuidharau elimu hiyo, kwa maana nimewaona mafundi ambao pua zao hazikosei. Lakini pua ya fundi haiwezi kupelekwa mahakamani kama ushahidi, wala haiwezi kurithiwa na mtoto wake kwa maandishi. Tena rangi ya ubao hubadilika kwa jua na kwa umri, na harufu hupotea ubao ukikaa sana. Kwa hiyo imepatikana elimu nyingine, inayotazama jinsi mti ulivyojengwa ndani yake, mahali ambapo rangi na rangi ya viatu havifiki.

NDANI YA MTI MNA NINI

Mwaka wa 1665 Mwingereza mmoja, Robert Hooke, alikata kipande chembamba cha kizibo cha chupa, ambacho hutokana na gome la mti, akakitazama kwa hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo. Aliona kwamba kimegawanyika katika vyumba vidogo vidogo visivyo na idadi, akavipa jina ambalo kwa Kiswahili cha leo twaliita seli. Mwaka wa 1682 Mwingereza mwingine, Nehemiah Grew, alipiga chapa kitabu kikubwa chenye picha za vigogo na mizizi iliyokatwa pande. Tangu hapo ikajulikana kuwa ubao si kitu kimoja kigumu kama jiwe, bali ni mji wenye njia, maghala na kuta.

Njia ni mirija. Mti hunywa maji kwa mizizi na kuyapandisha hadi majani ya juu kwa mirija myembamba iliyosimama wima katika shina, mfano wa mabomba. Gogo likikatwa pande, midomo ya mirija hiyo huonekana kama vitundu. Ghala ni nyama laini, ambayo ni seli hai zinazoweka akiba ya chakula cha mti. Aghalabu rangi yake huwa nyeupe kuliko sehemu nyingine. Kuta ni nyuzi, ndizo zinazoupa mti nguvu na uzito. Mwisho kuna miale: mistari inayotoka katikati ya shina kwenda kwenye gome, kama njiti za gurudumu la baiskeli, nayo hupitisha chakula kutoka nje kwenda ndani.

Kila aina ya mti hupanga vitu hivi vinne kwa namna yake, na namna hiyo haibadiliki ovyo. Mwarobaini uliopandwa Watamu na mwarobaini wa Bara Hindi hupanga mirija yao kwa desturi moja, ijapokuwa mmoja umenyweshwa na mvua za masika na mwingine umepigwa na ukame. Upana wa mirija huongezeka au kupungua kidogo kwa hali ya mahali, lakini mpango wenyewe hubaki ule ule.

Inafaa hapa niseme jinsi kazi inavyofanywa, kwa sababu mtu yeyote mwenye wembe mkali na kioo cha kukuzia mara kumi aweza kuianza nyumbani kwake. Chukua kipande kidogo cha mti. Usitazame ubavu wake kwanza, bali tazama kichwa chake, pale msumeno ulipokata kuvuka nyuzi. Msumeno huacha manyoya yanayofunika kila kitu, basi kata tena kwa wembe, pole pole na kwa mkato mmoja, mpaka upate sehemu safi ya upana wa ukucha. Ilowanishe kwa mate au kwa maji. Kisha kioo kiweke karibu kabisa na jicho, na ubao uulete karibu na kioo hadi uone wazi. Wengi hushika kioo mbali kama wanaotafuta mwiba kidoleni, wasione kitu. Simama penye jua.

Utaona vitundu. Jiulize: je, ni vikubwa, hata jicho tupu huviona, au ni vidogo mno? Vimetawanyika sawasawa, au vikubwa vimejipanga katika pete na vidogo vimefuata nyuma? Kila kimoja kimekaa peke yake, au vimeambatana viwili vitatu kama watu waliopanga foleni? Viko wazi, au vimezibwa na gundi nyekundu, au na ute uliokauka? Kisha tafuta ile nyama laini nyeupe: imezunguka vitundu, au imekwenda kwa mistari, au haionekani kabisa? Mwisho tazama miale, unene wake na wingi wake. Baada ya hapo ndipo ugeuze kipande utazame ubavu wake.

MITI YETU CHINI YA KIOO

Tuchukue mbambakofi, mti ule wenye mbegu nyeusi iliyovikwa kofia nyekundu, unaoota Arabuko-Sokoke pamoja na mrihi na mfunda. Vitundu vyake ni vichache na vyaonekana kwa jicho tupu. Kila kimoja kimezungukwa na nyama laini nyeupe iliyochongoka pande mbili, mfano wa jicho lililotiwa wanja. Baadhi ya vitundu hivyo vimejaa kitu cheupe au cha manjano. Mtu akisha kuliona jicho hilo mara moja, hatadanganywa kwa urahisi na ubao mwingine wa rangi ya kahawia.

Mvule nao una vitundu vikubwa vyenye mabawa ya nyama laini, lakini mabawa hayo mara nyingi hushikana na ya jirani yakafanya ukanda. Tena vitundu vyake aghalabu vimezibwa kwa utando unaometameta, na ndani ya shina lake huweza kupatikana mawe, mawe kweli kweli ya chokaa, yanayovunja meno ya msumeno. Msaji, ambao uliletwa kwa majahazi kutoka Asia ya kusini na ambao milango mingi ya kale ya Pwani ilichongwa kwao, vitundu vyake vikubwa vimejipanga katika pete zilizo wazi, na ukiushika mkono huhisi mafuta.

Mpingo wastahili maneno zaidi, kwa kuwa ndio mti unaoghushiwa kuliko yote. Watu wengi ulimwenguni huuita kwa jina moja na miti myeusi ya Asia na ya Afrika ya Magharibi, na wachuuzi hawaoni tofauti. Kumbe hata ukoo si mmoja. Mpingo ni wa ukoo wa kunde, jamaa ya mbaazi na karanga. Ile miti mingine myeusi ni ya ukoo tofauti kabisa. Tofauti hiyo huonekana katika ubavu wa ubao: miale mifupi ya mpingo imepangwa safu juu ya safu kama matofali ya ukuta, hata ubao uliosuguliwa vizuri huonyesha vijistari vya mlalo mfano wa mawimbi madogo yanayobaki katika mchanga wa ufuo maji yanapokupwa. Ile miti mingine myeusi kwa kawaida haina mawimbi hayo. Na kinyago cha mti mweupe kilichopakwa rangi ya viatu hujitoa chenyewe: kikwangue chini ya wayo wake, mahali pasipoonekana, utazame rangi ya ndani, kisha kitie katika ndoo ya maji. Mpingo mkavu huzama.

Mvinje ni mfano mwingine unaonifurahisha. Ni mti ulioenea sana mashambani mwa Kilifi na Malindi, na wakulima wengi huupanda ili kuuza nguzo. Majani yake ni kama sindano, matunda yake ni kama koni ndogo, na ukiwa ufukweni ukausikia unavuma kwa upepo wa kusi, wafikiri umo katika msitu wa misonobari wa nchi za baridi. Watu wengi wa bara waujuao msaipresi hudhani miti hiyo miwili ni ndugu. Basi kata vipande viwili, kimoja cha mvinje na kimoja cha msaipresi. Cha msaipresi hakina vitundu vya mirija hata kimoja, kwa sababu miti ya ukoo wa misonobari haina mirija ya namna ile. Maji hupanda kwa kupenya kutoka seli moja hadi nyingine. Cha mvinje kina vitundu vingi, kimoja kimoja, vilivyojipanga mshazari. Mvinje ni mti wa kutoa maua kama mwembe na mbuyu, na ile sura ya msonobari ni vazi tu.

Mnazi nao hauna miale wala pete. Ukata shina la mnazi utaona madoadoa meusi yaliyotapakaa katika nyama laini, yakisongamana zaidi karibu na nje. Kila doa ni fungu la mirija na nyuzi. Mvumo na mkoma ni vivyo hivyo, nao kwa ujenzi wao wa ndani ni jamaa ya mianzi na majani ya malisho kuliko kuwa jamaa ya mbambakofi. Ndiyo maana ugumu wa mnazi uko nje na ulaini uko ndani, kinyume cha miti mingine, na fundi anayepasua boriti za mnazi hutupa sehemu ya kati.

MIKOKO YA MIDA

Penda nikupeleke kwenye Hori ya Mida, kwa kuwa pale ndipo elimu hii inapoonyesha kwamba si ya kutambua tu, bali ni ya kupanga ukoo. Sisi husema "mikoko" kwa miti yote isimamayo katika matope ya bahari. Lakini wakataji wa boriti wanajua kuwa mkoko ni mmoja tu kati yao. Wengine ni mkandaa, muia ambao watu wengine huuita msinzi, mchu, mlilana na mkomafi. Yote hunywa maji ya chumvi, yote hupumua kwa mizizi ya ajabu. Je, ni ndugu?

Ubao hujibu. Mrija si bomba moja refu, bali ni vipande vingi vilivyounganishwa, na mahali pa kuungana pana mlango. Katika miti mingi mlango huo ni tundu tupu. Katika mkoko, mkandaa na muia mlango una pao chache zilizolala kama vidato vya ngazi. Mitatu hiyo ni ukoo mmoja. Mchu, mlilana na mkomafi haina ngazi hiyo, kwa hiyo imeingia katika matope kwa njia nyingine, kila mmoja na ukoo wake. Mkomafi ni wa ukoo mmoja na mwarobaini wetu wa nchi kavu. Mlilana huhesabiwa leo katika ukoo mmoja na mhina, ambao maharusi hupaka majani yake, na mkomamanga.

Mchu ndio wenye vioja. Ukiukata utaona pete zilizo wazi kabisa, moja nje ya nyingine, na mtu asiyejua atazihesabu na kusema, "Mti huu una miaka arobaini." Asiseme hivyo. Pete za mchu si za miaka. Miti mingi huweka njia za maji ndani na njia za chakula nje chini ya gome, basi. Mchu huanza upya mara kwa mara: huweka mkanda wa mirija ya maji, kisha mkanda wa njia za chakula, kisha mkanda mwingine wa mirija, nao waweza kufanya zaidi ya mmoja kwa mwaka. Kwa ajili ya jambo hilo la ajabu wataalamu wengine waliutoa mchu katika ukoo wa msaji walikokuwa wameuweka, wakaupa ukoo wake peke yake. Baadaye uchunguzi wa vinasaba ukauingiza katika ukoo mwingine, na msaji nao ukahamishiwa ukoo wa mrehani. Ubao ulikuwa umeonya mapema kwamba miti hiyo miwili haikukaa vizuri nyumba moja.

Kwa mkoko wenyewe mambo ni tofauti. Yalikuwa yakisemwa kwamba miti ya nchi zetu, zisizo na majira ya theluji, haina pete za kuaminika. Watafiti waliofanya kazi katika Hori ya Gazi, kusini mwa Mombasa, walitoa habari mwaka wa 2004 kuwa mkoko huweka pete moja kila mwaka: wakati wa mvua vitundu vya mirija huwa vichache, na wakati wa kiangazi huwa vingi. Hili ni jambo la faida. Ajuaye miaka ya boriti huweza kukadiria msitu wa mikoko wakatwe kiasi gani na ungoje muda gani kabla ya kurudiwa. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku kupeleka boriti za mikoko nchi za nje mwaka wa 1982, lakini hapa kwetu nyumba bado hujengwa kwa boriti hizo.

GOGO KATIKA MAHAKAMA

Msomaji aweza kuuliza kama elimu ya vitundu na miale imewahi kuamua jambo zito. Imewahi. Usiku wa tarehe 1 Machi, 1932, huko New Jersey, Marekani, mtoto mchanga wa rubani mashuhuri Charles Lindbergh aliibwa kitandani, na baadaye akakutwa amekufa. Mwizi aliacha ngazi ya mbao iliyoundwa kwa mkono. Ngazi ile ilipelekwa kwa Arthur Koehler, mtaalamu wa mbao katika Maabara ya Mazao ya Misitu huko Madison, Wisconsin. Koehler alitambua aina nne za mbao katika ngazi hiyo moja. Kisha akatazama alama zilizoachwa na mashine ya kupiga randa, akaandikia viwanda vingi, akafuata ubao mmoja kutoka kiwanda cha South Carolina hadi duka la mbao la Bronx, katika mji wa New York. Alipokamatwa Bruno Hauptmann, seremala aliyekaa Bronx, mwezi wa Septemba 1934, ilionekana kwamba katika sakafu ya dari yake kulikuwa na ubao uliopungua kipande. Pete za kipande cha ngazi zilifuatana na pete za ubao wa darini, na matundu ya misumari yakalingana. Hauptmann alihukumiwa mwaka wa 1935, akauawa Aprili 1936. Wapo wanaobishana juu ya hukumu hiyo hadi leo, lakini tangu siku hizo ubao ulikubaliwa kuwa shahidi.

Siku hizi shahidi huyo huitwa mara nyingi zaidi bandarini kuliko katika kesi za mauaji. Mapatano ya kimataifa yaitwayo CITES, yaliyofanywa Washington mwaka wa 1973, husimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Tangu Januari 2017 mpingo na karibu jamaa zake zote za jenasi moja wamo katika orodha yake, na mkutano wa mwaka wa 2022 uliitia humo miti ya Afrika ya jenasi ya mbambakofi. Hati zinatakiwa kabla ya kuisafirisha. Lakini hati ni karatasi. Afisa wa forodha anayefungua kontena huona mbao, hana majani.

Ni haki kusema pia mahali ambapo elimu hii hukoma. Mara nyingi kioo humfikisha mtu kwenye jenasi, si kwenye aina. Kujua kwamba ubao huu ni wa jamaa ya mpingo ni rahisi. Kujua kama umekatwa Kwale au Msumbiji ni vigumu, na hapo hutafutwa msaada wa kemia na vinasaba. Kwa kazi nzito zaidi kipande huchemshwa kwa maji mpaka kilainike, hukatwa kwa mashine vipande vyembamba kuliko karatasi, hutiwa rangi nyekundu, ndipo kikatazamwa kwa hadubini. Chama cha Kimataifa cha wataalamu wa mambo haya kilianzishwa Paris mwaka wa 1931, nacho mwaka wa 1989 kilitoa orodha ya dalili 163 za kutazamwa katika miti yenye mirija, ili mtaalamu wa Nairobi na wa Tokyo waseme lugha moja. Picha kwa makumi ya maelfu zimewekwa katika intaneti na Chuo Kikuu cha North Carolina State, na mtu yeyote aweza kuzitazama bila malipo. Ipo pia mashine ndogo yenye kamera, iliyobuniwa katika maabara ile ile ya Madison, inayotazama kichwa cha ubao na kutaja jina. Mashine hiyo hujua tu miti iliyofundishwa. Asiyekusanya vipande vya miti yake asitegemee mashine ya mwenzake kumtambulia.

Na majina? Hilo nalo ni fumbo. P. J. Greenway wa Amani, Tanganyika, alitoa kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili mwaka wa 1937, na mtu akiifungua huona mara moja jinsi jina moja livyaavyo miti mitatu, na mti mmoja uwavyo na majina matano kutoka Lamu hadi Kilwa. Mwarobaini huku kwetu huitwa pia mkilifi. Fundi wa Mombasa na fundi wa Tanga huweza kugombana siku nzima juu ya jina, kumbe wameshika ubao mmoja.

MHUHU NA MWAROBAINI

Nimeacha mhuhu hadi sasa kwa makusudi, maana ndio unaotutia hofu. Mhuhu, au muhugu kama wengine wasemavyo, ni mti mgumu, mzito, wenye harufu nzuri, unaokua pole pole mno. Ajabu yake ni kwamba, kwa ukoo, ni jamaa ya alizeti. Vitundu vyake ni vidogo hata jicho tupu haliwezi kuviona, na kwa hiyo ubao wake ni laini kama pembe chini ya patasi. Sifa hiyo ndiyo iliyouponza. Tangu uchongaji wa vinyago ulipoenea, kazi iliyoletwa Ukambani na Mutisya Munge wa Wamunyo baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na ambayo Wakamba wengi waliohamia Malindi wameifanya kuwa riziki yao, mhuhu umetafutwa kila mahali. Arabuko-Sokoke, msitu wa kilomita za mraba zipatazo 420 ulioanza kuhifadhiwa na serikali mwaka wa 1932, umepoteza mihuhu mingi mikubwa, na visiki vyake bado hupatikana ndani ya msitu mbali na njia. Kisiki cha mhuhu hakiozi upesi. Hukaa pale miaka mingi.

Katika miaka ya 1990 ilianzishwa kazi ya kuwashawishi wachongaji watumie miti ya shambani: mwarobaini, mwembe, mjakaranda. Wengi walisita, nao walikuwa na sababu. Mwarobaini mbichi hupasuka ukikauka vibaya, na kinyago kilichopasuka njiani hurudishwa na mnunuzi. Ilibidi wajifunze kuukausha kwanza. Lakini ubao wake una rangi nzuri ya wekundu, na mkulima wa Kilifi anao uani, wala hahitaji kuingia msituni. Mti uliokuwa wa kivuli na dawa ukawa na bei.

Kwa kuupambanua na mhuhu, kioo chatosha. Mwarobaini una vitundu vya kiasi, vingine peke yake na vingine viwili vitatu katika foleni, na vingi vina gundi nyekundu ndani. Mistari myeupe ya nyama laini hupita kwa mbali mbali kufuata mzunguko wa shina. Mhuhu hauna foleni za kuonekana wala gundi hiyo nyekundu, na ukiukata tu, harufu yake hutoka. Mnunuzi anayetaka kuhakikisha kuwa kinyago chake hakikutoka msituni aweza kutazama wayo wa kinyago kwa kioo cha bei ndogo kabla ya kutoa fedha.

Mkulima au karani apendaye kuanza mkusanyo wake mwenyewe hana haja ya vyombo vya gharama. Akate kipande cha urefu wa kiganja, chenye ubao wa nje na kiini pamoja, akikaushe kivulini majuma kadhaa, kisha aandike juu yake kwa kalamu isiyofutika jina la mti kwa lugha ya mahali, jina la mahali na tarehe. Kila kipande kiende pamoja na tawi la mti ule ule, lenye majani na ikiwezekana maua au tunda, lililobanwa na kukaushwa kati ya magazeti. Kipande kisichokuwa na tawi lake hakiwezi kuthibitishwa jina, na wataalamu hukikataa. Vyote viwili vyaweza kuonyeshwa katika kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Misitu kilichoko Gede, au kupelekwa kwenye Hifadhi ya Mimea ya Afrika ya Mashariki katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Mti wa msituni usikatwe kwa ajili hiyo. Tawi lililoanguka, ama kipande alichotupa fundi, chatosha.